Pikipiki ya theluji inayogomea usukani: spana, skii, shokapu au mkanda mpya?

Kijana alikuwa amesimama kando ya njia, glavu amevua, anakunja na kukunjua vidole. "Yaya," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ambako yaya ni mkubwa wako na moto ni pikipiki, "hii moto inanipelekaka kwenye inataka yenyewe."

Tulikuwa Warren Wagon, juu ya mji wa McCall, Idaho. Majira ya baridi barabara hiyo huachiwa theluji, ikasawazishwa kwa ajili ya snomobili, vile vyombo vya theluji vyenye skii mbili mbele na mkanda nyuma, na watu huifuata hadi chemchemi za maji moto za Burgdorf. Ni pana, haina kona za kutisha. Pikipiki ikikusumbua pale, ndani ya msitu itakuumiza. Yake ilikuwa inasumbua kweli: skii, ule ubao wa kuteleza unaokaa mahali pa gurudumu la mbele, inaingia kwenye alama za snomobili iliyotangulia, usukani unavutwa kushoto, anaurudisha, unavutwa kulia. Maili kumi za namna hiyo na mikono imekwisha. Dawa alikuwa ameshaipata usiku kwenye simu: auze seti yake ya mkanda wa inchi 120, anunue ya 137.

Nikamwambia asiuze kwanza. Haya ni niliyomweleza pale, na mengine ambayo baridi ilinisahaulisha.

Mashine yenyewe, kwa ambaye hajaigusa

Ni pikipiki ya motokrosi au enduro, mara nyingi ya cc 450, iliyovuliwa magurudumu yote mawili. Mbele inafungwa skii moja. Nyuma swing'amu, yaani mkono unaoshika gurudumu la nyuma, inatoka, na mahali pake panaingia fremu yenye mkanda wa mpira wenye meno, unaozungushwa na cheni kupitia shafti ya kati. Shokapu ya nyuma ya pikipiki nayo inatoka. Pale ilipokuwa panakaa strati, yaani fimbo inayoikamata fremu ya pikipiki na ile ya mkanda. Ndani ya mkanda zimo reli mbili zenye shokapu zake, moja mbele, moja nyuma. Kwenye soko la mtumba utakutana zaidi na Timbersled, iliyoanzia Sandpoint hapahapa Idaho na kununuliwa na Polaris mwaka 2015, halafu Yeti ya Kanada na Camso. Ninayoyasema hapa yanazihusu zote, ingawa bolti haziko mahali pamoja.

Mimi ufundi niliuanza kwenye bodaboda Tanga, na kitu kilichonichelewesha kuelewa mashine hii ni mazoea ya matairi. Tairi ni jembamba na la mviringo, ukiegemea linazunguka chini yako. Mkanda ni ubao mrefu. Wenyewe unataka kwenda mbele tu. Kinachoupindisha ni skii mbele na kiuno chako juu, na skii haiwezi kufanya lolote isipokuwa imelaliwa na uzito wa kutosha. Uzito ukizidi mbele, usukani unatii ila unakuwa mzito, na kwenye unga, yaani theluji laini iliyotoka kuanguka, pua inazama. Ukizidi nyuma, mashine inapanda mlima kama mbuzi, lakini kwenye kona unakata usukani na yenyewe inaendelea na safari yake. Karibu kila kitu utakachouziwa kwa jina la "kuboresha ushikaji" ni njia ya kuugawa uzito huo upya, au ya kubadilisha kile ambacho skii na mkanda vinaufanyia ukishafika.

Vipimo nitakavyotumia

Cha kwanza ndicho kinachorukwa na wengi: lalamiko lako ni lipi hasa? "Haishiki vizuri" si lalamiko. Sema inafanya nini, wapi, kwa mwendo gani. Kuna kuvutwa, skii ikifuata kila mfereji. Kuna kugoma, unapokata usukani na mashine isikate kona. Kuna kuzama kwa pua kwenye unga. Kuna kugonga, kila kimatuta kikifika mgongoni. Na kuna kuteleza upande ukikata mteremko kwa ubavu. Mambo matano hayo yana dawa tofauti, na mara nyingine dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Cha pili, theluji yako. Unga wa Januari wa Utah na Idaho ya kati ni mkavu na mwepesi. Milima iliyo karibu na Pasifiki, Washington na pwani ya British Columbia, hupata theluji nzito yenye maji. Ya Machi huyeyuka mchana na kuganda usiku, asubuhi unaendesha juu ya sakafu.

Halafu pesa na mikono: inagharimu kiasi gani, na je, unaweza kuifunga mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani? Mwisho, inaharibu nini, na inaweza kurudishwa? Wengi wetu pikipiki ni moja, na ikifika Mei inataka kurudi kwenye matairi.

Chaguo la kwanza: kurekebisha ulichonacho

Hili halina duka, ndiyo maana halitangazwi.

*Inatibu nini.* Kugoma na kuzama, mara nyingi kabisa. Kuvutwa, kwa kiasi. Anzia kwenye utepe wa kikomo. Ukiilaza pikipiki ubavu utauona ndani ya mkanda, upande wa mbele: utepe mfupi wenye matundu kadhaa, umeshikwa na bolti. Kazi yake ni kuzuia mbele ya reli isishuke kupita kiasi. Ukiufupisha, mbele ya mkanda inabaki juu na uzito unahamia kwenye skii: kona inapatikana, na kwenye unga mkanda unaupanda badala ya kujichimbia handaki. Ukiurefusha, mkanda unasukuma chini, skii inakuwa nyepesi, pua inanyanyuka kwa kidole, na kona za kasi unaziomba. Tundu moja tu linatosha kuleta tofauti unayoisikia mikononi.

Ukitoka hapo kuna springi za shokapu mbili za ndani. Ya mbele ukiikaza, nayo inainyanyua skii. Ya nyuma ukiilegeza, mashine inakaa kitako kila unapovuta mafuta, jambo tamu kwenye mlima na baya kwenye msitu. Strati nyingi zinaweza kurefushwa au kufupishwa, na milimita chache hapo hubadilisha pembe ya pikipiki nzima. Shokapu za mbele zinaweza kupandishwa kidogo ndani ya vishikio vyake: pua inashuka, usukani unakuwa mkali. Na chini kabisa, kati ya mguu wa skii na skii yenyewe, kuna kipande cha mpira ambacho watu hawakitazami mpaka kimepasuka. Kikilegea, skii inacheza na usukani unatafuta njia wenyewe.

Unajuaje umehamisha uzito kiasi gani? Chukua mzani wa bafuni. Weka skii juu yake, na chini ya mkanda weka ubao wenye kimo kilekile ili mashine ikae sawa. Panda ukiwa na mavazi yote, begi mgongoni, mikono kwenye usukani, mtu mwingine asome. Badilisha tundu moja, panda tena. Namba yenyewe haina maana kubwa. Tofauti ya namba mbili ndiyo habari. Mke wangu anasoma mzani, mimi naandika kwenye ukuta wa gereji kwa penseli, na ukuta huo sasa una thamani kuliko kitabu chochote cha maelekezo nilichonacho.

*Theluji yake.* Yoyote, na huo ndio uzuri. Jumamosi ya unga unafupisha ili mkanda usijichimbie, wiki ya sakafu unarefusha.

*Pesa na mikono.* Karibu bure. Spana, soketi, nusu siku. Ila kila ukigusa utepe, kagua ukazo wa mkanda. Ukilegea, unaruka kwenye meno ya gurudumu la kuuzungusha na utasikia mlio kama karanga zinapasuka. Ukikaza mno unakula beringi na nguvu ya injini. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu mashine ikawa nzuri, hujui ni kipi. Ikawa mbaya, pia hujui.

*Inachoharibu.* Hakuna, zaidi ya subira yako. Udhaifu wake ni kwamba hakiongezi kitu ambacho mashine haina. Skii yenye mkuku mrefu, yaani ule ukingo wa chini yake, itabaki na mkuku mrefu hata ukiigawia uzito kwa mizani ya sonara.

*Inamfaa nani.* Kila aliyenunua seti ya mtumba. Mwenye mali wa kwanza aliipanga kwa uzito wake, mlima wake na ulevi wake wa kasi, wala hakukuachia barua.

Chaguo la pili: skii nyingine

Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapa. Skii ina mkuku chini yake kama chombo, na chombo kisicho na mkuku kinakwenda upande.

*Inatibu nini.* Kuvutwa, kuzama, na kuteleza kwenye mteremko, kutegemea unayoichagua. Mkuku mmoja mrefu unashika vizuri sana ukikata mlima kwa ubavu na kwenye kona za unga. Kwenye barabara iliyosawazishwa huohuo unatumbukia kwenye kila mfereji, kama tairi la baiskeli ndani ya reli ya treni. Mikuku miwili mifupi inagawana kazi: haivutwi sana, lakini kwenye mteremko mgumu inashika kwa unyenyekevu zaidi. Upana nao una bei yake. Skii pana inaelea, pua haizami hata ukifunga mafuta ghafla. Ila kuilaza upande kunataka nguvu, na ukingo wake unakwaruza kila kilichogandia pembeni mwa njia. Nyembamba inakata kona upesi na inazama upesi.

Kabla ya kununua yoyote, pindua uliyonayo utazame chuma cha chini. Chini ya mkuku kuna fimbo yenye vipande vya kabaidi, madini magumu yanayoshika barafu. Hiyo inalika. Kuvuka lami ya maegesho mara kumi ni sawa na kuipiga tupa. Kabaidi ikiwa butu, mashine inagoma kwenye theluji ngumu na mwenyewe anadhani skii ni mbaya. Fimbo mpya ni sehemu ndogo ya bei ya skii mpya, na sijui kwa nini watu wanaianza ngazi hii kutoka juu.

*Theluji yake.* Hapa ndipo chaguo hili linapobana. Skii ni kiatu: cha matope si cha lami. Nawajua wawili wenye skii mbili gerejini, pana ya Desemba hadi Februari, ya mikuku miwili kuanzia Machi.

*Pesa na mikono.* Mamia ya dola. Kufunga ni saa moja kama kishikio kinaendana. Kisipoendana utahitaji bushi au kishikio kipya, kwa hiyo pima bolti na upana kabla hujalipa. Baadhi ya vishikio vina matundu zaidi ya moja ya kuifunga skii: ikikaa nyuma zaidi ya mhimili wa usukani inatulia, ikisogea mbele inakuwa nyepesi na yenye haraka. Jaribu yote kabla ya kuihukumu skii.

*Inachoharibu.* Kidogo. Ya zamani unaihifadhi, ukikosea unarudi.

*Inamfaa nani.* Mwenye lalamiko moja linalojirudia kwenye aina moja ya theluji. Hamfai mwenye lalamiko la jumla. Nasema hivyo kwa sababu nililipia somo hilo. Msimu wangu wa kwanza nilinunua skii pana, nzuri, ya bei, kwa kuwa pua ilikuwa inazama. Ikaendelea kuzama. Siku moja mzee mmoja wa McCall akasukuma usukani wangu chini kwa mikono miwili, shokapu za mbele zikaingia zote kama zimepakwa siagi. Hakusema kitu, akaniangalia tu. Skii haikuwa na kosa lolote. Springi zilikuwa za mtu mwepesi, tena za matairi.

Chaguo la tatu: shokapu

Rafu hii ina vitu vitatu vinavyochanganywa: springi ngumu zaidi au mfumo wa upepo wa shokapu za mbele, strati yenye shokapu badala ya fimbo kavu, na dampa ya usukani.

*Inatibu nini.* Kugonga hasa, na kuzama kule kunakotokana na pua kuinama. Kumbuka shokapu za mbele zilibuniwa zikiwa na rafiki: tairi lenye upepo lililomeza vimatuta vidogo kabla havijafika juu. Skii haina upepo. Kila kitu kinafika kwenye springi, springi laini zinaishiwa, pua inainama, skii inachimba. Springi ngumu zinaibakisha pua juu na skii inakaa kwenye pembe inayotakiwa. Wenye mfumo wa upepo wanaongeza au kupunguza kwa pampu ndogo.

Strati ni mjadala mwingine, na hapa nina wasiwasi na wanaosema yenye shokapu ni bora tu. Fimbo kavu inafanya pikipiki na mkanda kuwa kitu kimoja: ukisukuma mguu, mkanda unajua papo hapo. Kwenye njia ngumu na kwenye miti iliyobanana, hilo ni jambo la thamani. Strati yenye shokapu inaongeza kiungo kinachocheza. Ukivuta mafuta mashine inakaa nyuma, pua inakuwa nyepesi, ukitua kutoka angani mgongo unashukuru. Ila aliyezoea fimbo atakuambia mashine imekuwa na kigugumizi: unaiamuru, inafikiri, halafu inatii. Wote wawili wanasema kweli.

Dampa inazuia usukani kurushwa ghafla ukigonga gogo lililofukiwa. Inasaidia mikono isichoke. Haiponyi kuvutwa, inakufanya usione kuvutwa, na hilo nalo lina faida yake kwenye maili 20 za kurudi jioni.

*Theluji yake.* Iliyochimbika na iliyoganda ndiyo inayoonyesha tofauti. Kwenye unga wa kiuno, theluji yenyewe ni shokapu. Na baridi ina neno lake: asubuhi ya nyuzi 15 chini ya sifuri mafuta ya shokapu yanakuwa uji, kwa hiyo dakika kumi za kwanza usihukumu chochote. Za upepo nazo zina mtego. Ukizijaza ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 18 kisha ukatoka kwenye baridi hiyo, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mgandamizo inapotea bila hewa kuvuja. Jazia nje, mashine ikiwa imeshapoa.

*Pesa na mikono.* Springi ni za bei ya wastani. Strati yenye shokapu kwa kawaida inazidi bei ya skii. Kufunga strati ni bolti mbili na uvumilivu. Kufungua shokapu za mbele ni kazi ya fundi, au ya mtu mwenye meza safi, vifaa vyake, na moyo wa kupima kimo cha mafuta kwa milimita. Ufungaji mbaya unavujisha mafuta, na sili zilizovuja hutazirekebisha porini.

*Inachoharibu.* Kiangazi. Springi za skii ukirudi nazo kwenye matairi, pikipiki inakuwa gumu kama kiti cha daladala. Ama uzitoe Mei, ama uchague mfumo wa upepo unaoweza kuupunguza.

*Inamfaa nani.* Mzito, mwenye kasi, anayeruka, na mwenye mgongo ulioanza kuhesabu miaka. Anayetembea taratibu kwenye unga ataona pesa nyingi kwa mabadiliko machache.

Chaguo la nne: mkanda mwingine

*Inatibu nini.* Kuelea na kupanda, ukienda mrefu. Wepesi wa kona, ukienda mfupi. Namba za 120, 129 na 137 ni urefu wa duara zima la mkanda kwa inchi, yaani kama sentimita 305, 328 na 348. Si urefu unaogusa theluji, ambao ni chini ya nusu ya huo. Mrefu unaeneza uzito, hauchimbi, unapanda mteremko ambao mfupi umekwama. Lakini ni ubao mrefu zaidi wa kupindisha, na katikati ya miti utaulipia kwa jasho. Mfupi unacheza, unaruka, unageuka; X Games ya Aspen, Colorado, ilipoanza kushindanisha pikipiki za theluji mwaka 2017, zilishindana kwenye uwanja wa matuta na kona, na mchezo wa namna hiyo haumpendi mkanda mrefu.

Angalia pia meno na kingo. Meno ya inchi 2 hadi 3 ndiyo ya kawaida. Marefu yanachota unga vizuri. Kwenye sakafu ya Machi yanajikunja na mashine inatembea kama imevaa kandambili. Mkanda wenye kingo laini au za mviringo unalala upande kwa urahisi. Hii ni sifa inayoathiri ushikaji kuliko tofauti ya inchi tisa za urefu, na sijaona muuzaji akiitaja kwanza.

*Theluji yake.* Unga wa kina, milima wazi: mrefu. Msitu, njia, matuta: mfupi. Aliye katikati ana 129, na ndiyo maana ipo.

*Pesa na mikono.* Hapa pana mshtuko. Huwezi kuingiza mkanda wa 137 ndani ya seti ya 120. Reli na fremu ni fupi. Kwa hiyo kubadilisha urefu kwa kawaida ni kununua seti nzima, maelfu ya dola, pamoja na vifaa vya kuifunga kwenye modeli na mwaka wa pikipiki yako. Kubadilisha mkanda wa urefu uleule, wenye meno au kingo tofauti, ni nafuu zaidi na kunawezekana nyumbani, ila shafti inafunguliwa na alasiri nzima inaondoka.

*Inachoharibu.* Mkanda mrefu ni mzigo wa ziada kwa injini. Mashine iliyokamilika inazidi pauni 300 kirahisi, na pikipiki ya cc 250 itakuonyesha kila pauni. Tarajia kubadilisha sproketi. Na ukishaufunga, ule uwiano wa skii na mkanda umeanza upya. Unarudi kwenye utepe, springi na mzani wa bafuni.

*Inamfaa nani.* Aliyejua anakwenda wapi kila Jumamosi, na ambaye mashine yake imeshapangwa vizuri lakini mlima bado unamshinda.

Neno la pembeni kuhusu mlima. Mashine inayotii inakupeleka kwenye miteremko ambayo zamani ilikuokoa kwa kukataa. Kwa eneo la McCall, Kituo cha Maporomoko ya Theluji cha Payette hutoa taarifa za hali ya theluji. Isome kabla ya kuwasha. Kisambaza ishara mwilini, cha kukutafutia ukifukiwa, koleo na fimbo ya kuchunguzia theluji viwe na kila mtu, si na mmoja wa kundi.

Sasa, wewe uko wapi?

Umenunua mtumba wiki iliyopita na hujui kitu: chaguo la kwanza, kabla hata ya kuwa na maoni. Kagua mpira wa skii, kabaidi, ukazo wa mkanda, kisha tundu za utepe. Jumamosi mbili zitakuambia kama kuna kilichobaki cha kununua.

Unavutwa kwenye barabara na msitu uko salama: utepe kwanza, halafu skii ya mikuku miwili. Kama njia unayopita ni ndefu na mikono ndiyo inayolia, dampa ya usukani ni ya busara hata bila skii.

Pua inazama kwenye unga: sukuma usukani chini ukiwa umesimama kando yake. Ikiingia bila kubisha, springi. Ikibisha, skii pana au utepe mrefu zaidi.

Unateleza ukikata mteremko: mkuku na kabaidi kabla ya yote, kisha kingo za mkanda wako. Urefu hauna msaada mkubwa hapo.

Mgongo unauma, au unaruka: strati yenye shokapu, na springi za mbele zifuate. Ukipenda msitu uliobanana, omba ya mwenzako kwa siku moja kwanza. Kuna wanaoirudisha kabla ya chakula cha mchana.

Unakwama kwenye mlima wakati wenzako wa 137 wanapita, na kona huna tatizo nazo: hapo uza.

Pesa ni kidogo na pikipiki ndiyo ya kwendea kazini kiangazi: la kwanza, kisha fimbo mpya ya kabaidi. Springi ziache.

Kijana wa Bukavu hakuwa kwenye fungu la mkanda mrefu. Tuliilaza pikipiki ubavu kwenye theluji, nikapangusa barafu kwenye utepe: mwenye mali wa kwanza alikuwa ameufupisha mpaka tundu la mwisho. Uzito wote ulikuwa umelalia skii yenye mkuku mmoja mrefu, kwenye barabara iliyojaa mifereji. Tukaulegeza matundu mawili, tukakagua ukazo, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Aliwasha, akaenda kama mita mia tatu, akageuka, akarudi.

"Inavutaka bado," akasema. "Kidogo."

Februari akanunua skii ya mikuku miwili, iliyotumika. Bado yuko kwenye 120, bado anaitamani 137, na amepata rafiki atakayemwazima moja kwa Jumapili. Nimemwambia aje na mzani.